Yohana Kumi na Wanne

Mara ya kwanza Pasta Yai alipoingia dukani kwangu nilimfukuza. Sisemi hivyo kwa kujivunia. Ilikuwa Julai ya 2012, jua la Kakuma limechacha, jenereta imekataa kuwaka tangu asubuhi, na watu zaidi ya ishirini wamepanga foleni wakitaka fotokopi za kadi zao za chakula. Akaja mzee mrefu, mrefu wa kuinama mlangoni, amevaa koti jeusi zito katika joto lile, mkononi ana daftari tatu zilizofungwa kwa uzi wa chandarua. Akaniambia anataka zichapwe, na kila shairi likae peke yake kwenye ukurasa wake.

"Yako mangapi?"

"Sabini na tatu."

Nikafungua daftari. Shairi la kwanza lilikuwa na mistari minne, la pili mitatu. Nikamwambia, mzee, hebu tuelewane. Karatasi hii inatoka Kitale kwa lori, siokoti lagani, kwenye mto mkavu. Mashairi mafupi hivi nitayabananisha matano matano.

Akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Kule walilala watano watano. Hapa kila mtu alale peke yake."

Nikamwambia aende akatafute mchapaji mwingine. Woi! Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kesho yake akarudi, akakaa kwenye benchi la nje. Ewoi, Mturkana aliyekuwa akiniwashia jenereta na kuniletea maji, akaja kuninong'oneza: "Mama, huyo mzee amekaa hapo tangu saa mbili. Hata chai hajakunywa." Nikamwita kwa sauti ya kugomba, kwa sababu mimi nikiona aibu hugomba. Nikamkalisha kando ya kompyuta na tukaanza.

Wacha nijitambulishe, maana naona nimeanza na hasira. Mimi ni Mugure. Nilikuja Turkana na mume wangu aliyekuwa karani wa serikali, kwanza Lodwar, halafu Kakuma. Akafa, mimi nikabaki. Watu wetu wa Nyeri hunipigia simu kila Krismasi kuniuliza nangoja nini huku, na kila Krismasi nawaambia mashine ya fotokopi haibebeki. Nina kompyuta moja, mashine mbili, na mdomo ambao haujui kunyamaza. Jioni nikifunga duka, huo mdomo hauna mtu wa kuongea naye. Kwa hiyo ukweli ni kwamba nilimngojea yule mzee kila siku kuliko nilivyomwonyesha.

Maisha yake niliyapata vipande vipande. Alizaliwa kwenye kambi ya ng'ombe huko Sudan ya Kusini, upande wa Nile, Mdinka. Akabatizwa akiwa kijana, akapewa jina la Stefano, lakini Kakuma nzima ilimwita Yai, jina la mamake. Vita vilipoanza, jeshi la msituni lilitaka mtu wa kuwaombea askari, na yeye ndiye aliyejua kusoma. Wakamfanya kasisi wa jeshi bila mshahara na bila bunduki. Koti lile alipewa na kamanda mmoja, na hakuniambia lilivuliwa nani. Alitembea na jeshi miaka minane, akibatiza asubuhi na kuzika jioni. Mkewe alifia njiani, bila mtoto. Mwaka wa 1992, kambi ya Kakuma ilipofunguliwa, akafika na umati wa watu, akajenga kibanda cha udongo, akakaa humo peke yake miaka ishirini.

Watu walimheshimu, na walimkwepa. Mimi mwenyewe niliona. Mama wa Kidinka akitokea upande ule na ndoo ya maji kichwani, akimwona Pasta anakuja, anavuka njia. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuwaona watoto wao, na hakuna aliyetaka kumsalimu asije akaambiwa jambo. Hata kanisani benchi lake lilikaa wazi kushoto na kulia. Alijua, na hakulalamika, lakini iliniuma kwa niaba yake.

Mashairi yalikuwa ya Kidinka. Yeye anayageuza kwa mdomo, mimi nachapa. Kiswahili chake alikipata kwenye foleni ya chakula, kwa hiyo tuligombana karibu kila mstari. Mimi nasema, Pasta, hivi haisemwi. Yeye anasema, basi isemwe leo. Halafu nasoma nilichochapa, na ugomvi unaniisha.

Petero wa pili,
ulikuwa na kiatu kimoja.
Nilikivua nikampa Andrea.
Kesho yake nilikivua tena.

Na hili:

Yohana wa saba,
mvua ilikukuta hujafunikwa.
Nilisoma haraka.
Walio hai walikuwa wanangoja nimalize wakimbie.

Tulipofika kwa Yohana wa kumi na nne nikaondoa mikono kwenye kibodi. "Pasta, kwani jeshi lenu lilikuwa la Yohana watupu?"

Akanieleza. Kitabu chake msituni kilikuwa Agano Jipya lililochanika, linaanza na Mathayo na kuishia katikati ya Matendo. Vijana walikuja makundi makundi, leo wamefika, kesho wanapelekwa mbele, na yeye anabatiza arobaini kwa mara moja. Majina aliyatoa humo humo kitabuni: Petero, Yohana, Yakobo, Andrea, Filipo, Tomaso. Yakiisha, anarudia mwanzo. Ndiyo maana kati ya aliowazika alikuwa na Yohana kumi na wanne na Petero kumi na mmoja.

"Na kwao waliitwaje?"

"Wenyewe kwa wenyewe waliitana majina ya fahali." Alikuwa amekaza uso. "Kijana kwetu akikua hupewa fahali. Rangi ya fahali inakuwa jina lake, na anamtungia nyimbo. Mimi niliwakataza. Niliwaambia aliyebatizwa ameacha ng'ombe na nyimbo zake. Mimi niliacha, na wao waache. Sikuandika hayo majina hata moja."

Ewoi alikuwa mlangoni na jerikeni. Akaniangalia, akamwangalia mzee, akaweka maji chini na kutoka. Sikumwelewa wakati huo. Mimi kwetu ng'ombe ni wa maziwa.

Novemba tukaenda Lodwar kutengeneza kijitabu, kwa sababu mashine zangu hazijui kushona wala kubandika jalada. Mkimbizi hawezi kutoka Kakuma bila kibali, na kibali chake kilichukua wiki tatu kutoka. Tukakaa Lodwar siku mbili tukingoja nakala mia moja. Zile siku mbili alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyemjua. Watu walipita wakamsalimu, "Ejok, mzee," naye akasimama na kuwaitikia mmoja mmoja kwa kicheko, mpaka nikamwuliza kama anagombea kiti kwenye uchaguzi wa Machi. Akaniambia, "Dada, hapa wananiangalia usoni." Jioni akaniomba tupite tena njia ile ile ya sokoni, na tukapita.

Vijitabu alivigawa Jumapili baada ya ibada. Watu walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakaenda. Yeye alikuwa ameazima kwangu viti sita vya plastiki, akavipanga mbele ya kibanda chake na kuchemsha chai sufuria nzima. Aliamini kina mama watakuja. Mama atasoma, au atasomewa, na atakuja kusema: huyu ni wangu, niambie alivyokufa. Hiyo tu ndiyo aliyoitaka. Miaka ishirini alibeba vifo vya watoto wa watu, na hakuna aliyekuja kuvichukua.

Jumapili ya kwanza hakuja mtu, wala ya pili. Ya tatu nilipita pale mchana nikamkuta amekaa kwenye kiti kimoja, vingine vitano vitupu, chai imefanya utando. Nikakaa cha pili ili visiwe vitano. Jumatatu akavirudisha viti, amevipangusa vumbi.

Februari akaja Aluel.

Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mkavu, amejifunga shuka begani. Alifuatana na mwanawe Bior, mwanamume aliyekaribia miaka thelathini, ambaye alikua kambini na Kiswahili chake ni cha hapa hapa. Bior alikuwa na kijitabu kilichokunjwa mfukoni.

"Mathee, wewe ndio umeandika hii?"

"Nimechapa. Aliyeandika anakuja saa tano, kaeni."

Wakakaa. Bior akanieleza shida yao, mamake akimkatiza kila mara kwa Kidinka. Kaka yake mkubwa aliondoka na jeshi mwaka wa 1989 na hakusikika tena. Watu wengine walisema alikufa, wengine walisema yuko Khartoum, mmoja alisema yuko Australia. Sasa Bior ana msichana, na ng'ombe wa mahari wameahidiwa na wajomba wake huko nyumbani, lakini mama amekataa katakata.

"Kwetu iko hivi. Kama kaka yuko hai, yeye ndio anaoa kwanza, mimi nangoja. Kama alikufa bila mtoto, huyo bibi tunaoa ni wake. Kwa jina lake. Mimi nakaa naye tu, lakini watoto wanaitwa wa kaka, ndio asipotee. Halafu mimi natafuta yangu baadaye. Sasa mama anasema hawezi kumwolea mtu yuko hai, na hawezi kumruka mtu amekufa. Miaka ishirini na nne, mathee. Mimi nazeeka na mama hajui."

"Haiya! Na wewe utakubali mkeo awe wa marehemu?"

"Si ni kaka yangu?" akasema, akinishangaa mimi.

Pasta alipoingia, Aluel hakuvuka njia. Alisimama, akamshika mkono na kuongea moja kwa moja, na Bior akanitafsiria kwa sauti ya chini. Alisema: Kitabu chako kina Yohana kumi na wanne. Mwanangu sikumzaa Yohana. Nyumbani alikuwa Kuol, na wenzake walimwita kwa fahali wake, Manyiel, mwenye madoa ya chatu. Yuko ndani ya kitabu, au hayumo?

Pasta alijaribu. Akamwuliza kimo, akamwuliza makovu, akamwuliza aliondoka na kundi gani. Mrefu, alisema mama. Wote walikuwa warefu. Kila jibu lingeweza kuwa la yeyote. Niliona kijasho kikimtoka yule mzee, na si cha joto.

Ndipo Ewoi akasema kutoka mlangoni: "Wacha mama aimbe ile ng'ombe."

Tukamgeukia wote.

"Hata sisi Waturkana iko hivyo. Mimi nilibatizwa Simoni. Lakini ukiniita Simoni nikiwa nimelala, sitaamka. Ukiimba ng'ombe yangu, nitaamka hata kama nimekufa. Huyo kijana aliimba, lazima. Mzee, wewe ulikuwa naye. Ulisikia."

"Ni wimbo niliokataza," Pasta akasema.

"Ndiyo, ulikataza. Lakini ulisikia."

Basi mzee akafura. Sijawahi kumwona vile. Akasema yeye hakumwacha shetani wa ng'ombe miaka hamsini ili aje kumsikiliza kwenye duka la fotokopi. Akasema kumwolea maiti ni dhambi, na kama jina litatumika kwa hayo basi heri lisijulikane. Akachukua fimbo yake akatoka. Aluel hakuelewa Kiswahili, lakini aliuelewa mgongo wake. Akaketi tena kwenye benchi.

Nikatoka mbio nikamfuata mpaka njia ya kambini. Wateja wote wanaangalia. Nikamwambia, "Pasta, mimi ni mlokole, usinifundishe dhambi. Ulipanga viti sita. Leo mtu mmoja amekuja kukaa, na wewe unamwondolea kiti!" Akaenda zake.

Siku tatu hakuonekana. Aluel alikuja kila siku saa tatu, akakaa kwenye benchi lile lile alilokaa Pasta Julai, mpaka nifunge. Nilimpa chai. Hatukuwa na lugha hata moja ya kuongea, tulitazamana tu kama wanawake wawili walioachwa stendi. Siku ya nne alikuja na Bior, na Pasta naye akaja. Alikuwa hajanyoa, na koti hakuvaa. Akakaa sakafuni, chini ya benchi, akamwambia Aluel neno moja, na Bior akanitafsiria: imba.

Aluel hakuwa mwimbaji, sauti ilikuwa imechoka. Alianza taratibu, mikono imeinuliwa, mmoja umenyooka juu, mwingine umepinda mbele, ndivyo pembe za yule fahali zilivyokuwa. Bior aliniambia maneno sikioni:

Manyiel wangu, mwenye madoa ya chatu,
ukishuka mtoni wengine wanakupisha.
Nimekufungia kengele, nchi nzima inajua tunapita...

Hakufika mbali. Pasta alikuwa ameshika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani anaumwa. Akaanza kuzungumza, na hata Bior alisahau kunitafsiria kwanza, nikamvuta shati.

"Anasema anaujua," Bior akasema. "Anasema ni yeye. Yohana wa tisa. Anasema ilikuwa jioni, jua bado halijazama, wanangoja kuvuka mto. Huyo kijana alisimama mbele ya wenzake, akainua mikono, akaimba hivyo. Wote wakanyamaza kumsikiliza. Na yeye Pasta akaja akamshusha mikono. Akamwambia aliyebatizwa haimbi ng'ombe, aimbe zaburi. Akatii. Akaimba zaburi. Asubuhi walivuka, akapigwa risasi majini. Anasema alimtoa kwa mikono yake, akamzika juu ukingoni, chini ya mti wa ukwaju, kichwa kimeelekea nyumbani. Hakuliwa na kitu. Anasema ameona hilo kaburi kila siku, lakini hakujua ni la nani."

Aluel hakulia. Aliuliza swali moja, fupi.

"Mama anauliza," Bior akasema, "wimbo aliumaliza?"

Pasta akatikisa kichwa. Hakuumaliza. Yeye ndiye aliyemkatiza.

"Mama anasema sehemu inayobaki ndiyo yenye jina lake."

Na Aluel akainua tena mikono na kuimba kile kilichobaki, mwanzo hadi mwisho, akimtazama Pasta machoni:

Aluel, mama, nikamulie kibuyu changu,
nikichelewa usimpe mgeni maziwa yangu.
Manyiel anajua njia. Tunakuja.

Mimi nililia, sitaficha. Ewoi naye aligeukia ukuta. Pasta alibaki sakafuni, na Aluel alipomaliza alimshika kichwani kama anavyoshikwa mtoto, akasema kitu ambacho Bior alikataa kunitafsiria.

Harusi ilifanyika Juni. Ng'ombe walitolewa huko nyumbani kwa jina la Kuol, na hapa kambini tulikula wali. Pasta Yai alikuja akakaa nyuma kabisa. Hakubariki na hakulaani. Walipotaja jina la bwana harusi aliyekufa niliona midomo yake ikilirudia.

Kuanzia hapo hakutulia. Alitembea kambi nzima na daftari jipya, mlango kwa mlango, akiwauliza kina mama jambo lile alilowakataza watoto wao: fahali wake aliitwaje, na aliimbaje? Nao wakamfungulia. Wale waliokuwa wakivuka njia sasa walimwita kutoka mbali. Wengine walimwimbia, yeye ananyamaza na kusikiliza hadi mwisho, na pale alipoukumbuka wimbo alisema. Hadi Novemba alikuwa amewapata ishirini na tisa kati ya sabini na watatu. Nilichapa upya zile kurasa, kila mtu peke yake, na safari hii sikutaja bei ya karatasi. Kwenye ukurasa wa Yohana wa tisa aliandika hivi:

Manyiel, mwenye madoa ya chatu,
mimi ndiye niliyekushusha mikono.
Inua.

Siku moja, tukinywa chai, nikamwuliza: "Na wewe Pasta, wako alikuwa rangi gani?" Akacheka akasema hayo aliyaacha kwa kiapo akiwa kijana, na walioyajua wote wamekufa. Nikamwambia wewe ni mtu wa ajabu, unafungua milango ya wengine na yako umetia kufuli. Akasema, "Dada Mugure, chapa."

Desemba tumbo lilimvimba. Zahanati ya kambi ikampeleka Lodwar, na mimi nikafunga duka nikafuata, kwa sababu nani mwingine angeenda? Kwenye fomu ya hospitali palikuwa na nafasi ya jamaa wa karibu. Nikaandika jina langu, na uhusiano nikaandika: dada. Muuguzi akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akapiga muhuri.

Tukiwa hapo ndipo redio ikatangaza kwamba Juba inaungua, kwamba wanajeshi waliokuwa kitu kimoja wamegeukiana. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio ndogo, na Pasta aliisikiliza siku nzima bila kula. Muda si mrefu tukaambiwa wakimbizi wapya wameanza kuingia mpakani, wengi wao akina mama. Alinigeukia.

"Kuna mtu sasa hivi anawabatiza kwa haraka," akasema. "Sijui kama anawauliza ng'ombe wao."

Mchana wa tarehe ishirini na saba akaniomba nimkalishe. Nikamwekea mto mgongoni. Akainua mkono wa kulia juu, wa kushoto ukapinda mbele hadi pale mpira wa dripu uliporuhusu. Akaanza kuimba. Kwanza sikuamini. Sauti ilitoka nene, ya kijana, wodi nzima ikageuka. Muuguzi akaja haraka kutoka wodi ya pili, akisema hapa kuna wagonjwa, mzee anyamaze, na alikuwa na haki yake. Nikasimama mlangoni nikaweka mkono huku na mkono huku.

"Dada," nikamwambia, "ukitaka kupita utanipitia mimi. Mwache amalize."

"Mama, ni sheria..."

"Nimesema mwache amalize!"

Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini alisimama pale, na mwisho akabaki kusikiliza kama wengine. Ulikuwa wimbo mrefu. Ulipokwisha mzee alihema, akanigeuzia maneno kwa Kiswahili chake, mstari kwa mstari, nami nikaandika nyuma ya kadi ya hospitali. Hakuvuta tena pumzi nzuri baada ya hapo. Alifariki asubuhi yake.

Tulimzika Kakuma tarehe thelathini. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, kina mama wote wale. Viongozi wa kanisa wakasoma, msalaba ukaandikwa Pasta Stefano Yai. Kabla udongo haujarudishwa, Aluel akasema jambo na watu wakaanza kutazamana. Bior akanijia pembeni.

"Mathee, mama anauliza kama kuna mtu anajua fahali wake. Wazee wote wanasema hawajui."

Nikafungua mkoba nikatoa kadi. Mimi, Mkikuyu wa Nyeri, sijui kuimba hata kanisani, wananiwekaga nyuma. Lakini nikaenda mpaka ukingoni mwa kaburi, nikainua mkono wa kulia juu na wa kushoto nikaupinda mbele, kama nilivyomwona, na kadi nimeibana vidoleni. Nikasema kwa Kiswahili, na Bior akirudia kwa Kidinka:

Malith wangu, rangi ya jivu la kambi asubuhi,
mahari ya dada yangu ilikuleta kwangu.
Pembe moja inauliza mvua, moja inanionyesha njia.
Walisema nikuache, nikakuacha bila kukuaga.
Nimezeeka, Malith. Nakuja kukufungua kamba.

Nikateremsha mikono. Upepo tu na vumbi. Aluel alinikaribia, akaniuliza swali fupi, na hilo sikuhitaji Bior anitafsirie, maana nilikuwa nimelisikia mara moja dukani kwangu na sijalisahau.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Aliumaliza. Nilikuwa mlangoni."